Rimu ya alumini imekataa kung'aa: dalili, chanzo na dawa yake

Mtu akiniambia amesugua rimu kutwa nzima na haijang'aa, simuulizi ametumia polishi gani. Namuuliza kitambaa chake kimetoka na rangi gani.

Alumini tupu ikiguswa na polishi ya metali huchafua kitambaa papo hapo. Weusi wake ni kama masizi, na hata rimu iliyooshwa ikatakata itautoa, kwa sababu huo si uchafu wa barabarani. Ni vumbi laini la metali yenyewe pamoja na oksidi yake. Kitambaa kikibaki cheupe, basi hujaifikia alumini. Kuna kitu katikati, iwe vanishi, rangi au kromu. Kipimo hiki kinataka dakika moja na polishi ya ukubwa wa punje ya harage, ukiipaka nyuma ya spoki mahali pasipoonekana, nacho hukuepusha kununua misasa usiyoihitaji. Shida nyingi nilizoziona zilianzia hapo, au zilianzia kwa mtu kuruka namba za msasa (namba ikipanda, msasa huwa laini zaidi). Polishi yenyewe ni nadra kuwa na kosa.

Kabla ya kutafuta dalili yoyote, osha. Rimu iwe baridi, maana kwenye rimu ya moto sabuni hukauka kabla hujaisuuza na kuacha madoa mapya. Ndoo ya rimu isichanganywe na ya bodi: vumbi la breki lina chembe za chuma ngumu zitakazokwaruza rangi ya gari. Kazi ya kweli ya msasa hufanywa rimu ikiwa imetolewa, gari limekaa juu ya stendi na siyo juu ya jeki peke yake. Wapo wanaoinua gari, wakatia gia, wakaacha injini izungushe gurudumu huku wao wameshika msasa. Spoki inayozunguka haijali kidole ni cha nani. Usifanye hivyo.

Kitambaa cheupe, rimu haibadiliki

Rimu nyingi hutoka kiwandani zikiwa na vanishi juu yake, ile ambayo mafundi wa rangi huiita klia. Tabaka lake ni jembamba kuliko unywele, lakini linatosha kuizuia polishi isiiguse alumini hata kidogo. Kama vanishi bado ni nzima na imefifia tu, itendee kama unavyoitendea bodi ya gari: polishi ya rangi, pedi laini, kazi imekwisha. Ukishika msasa hapo, umejitafutia kazi ya siku tatu kwa tatizo la nusu saa.

Vanishi iliyogeuka njano, iliyopasuka au inayobanduka haiponi kwa kusuguliwa. Hiyo inatoka yote. Dawa ya kubandua rangi hupakwa nzito kwa brashi, ikafunikwa na nailoni isikauke, kisha ikakwanguliwa kwa kipande cha plastiki baada ya muda ulioandikwa kwenye kopo. Lisome kopo hilo kabla ya kulifungua. Dawa yenye kostiki soda isikaribie rimu yako, kwa sababu soda hiyo huitafuna alumini na kutoa hidrojeni, gesi inayoshika moto. Zile kali za zamani zenye dikloromethani zilikuwa na kasi, ila mvuke wake umewaua watu waliozitumia kwenye vyumba visivyo na hewa, na mwaka 2019 Marekani ilipiga marufuku kuziuza kwa matumizi ya nyumbani. Za siku hizi ni za polepole. Huenda ukarudia mara mbili au tatu. Rudia tu. Tairi nayo haipatani na dawa hizi, kwa hiyo bora iwe imeshatolewa, au basi ifunikwe vizuri kwa nailoni na utepe.

Rimu za aina mbili nazo huacha kitambaa cheupe, na zote mbili zinataka uzuie mkono. Ya kwanza ni ya kromu. Mng'ao wake una ubuluu kidogo, tofauti na weupe wa alumini, na unajiona ndani yake kama kwenye kioo. Haitiwi msasa. Ikianza kubanduka, kingo za kromu hukata kama wembe, na kuiondoa ni kazi ya kiwanda chenye matangi ya kemikali. Uani kwako hapafai. Ya pili ni ile iliyokerezwa: usogelee uso wake utaona mistari myembamba ya mviringo kama ya sahani ya santuri. Imechongwa na mashine yenye ncha ya almasi, na mistari hiyo ndiyo inayoupa uso wake mmemeto. Msasa wa mkono unaifuta, na kwa mkono huwezi kuirudisha. Kuigeuza rimu ya namna hiyo iwe ya kung'arishwa kama kioo ni jambo linalowezekana, ila liamue kabla ya kuanza, usije ukaligundua katikati.

Vinyuzi vyeupe vinatambaa chini ya vanishi

Vinafanana na njia za mchwa ukutani. Huanza mahali vanishi ilipotobolewa: jiwe lililoruka, mkwaruzo wa ukingo wa barabara, pembeni mwa kifuniko cha katikati, au chini ya risasi ya balansi, kile kipande kidogo kizito kinachobanwa kwenye rimu ili gurudumu lisitetemeke. Unyevu na chumvi huingia, kisha kutu ya alumini inajisogeza mbele huku ikiinua vanishi inapopita. Penye risasi yenye kibanio cha chuma hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu chuma na alumini vikikutana kwenye maji ya chumvi hufanya kazi kama betri ndogo, na kati ya hivyo viwili alumini ndiyo inayoliwa.

Kupaka vanishi mpya juu ya vinyuzi hivyo ni sawa na kufunika moto kwa majani makavu. Bandua yote, kisha sugua kwa msasa namba 400 mpaka metali iwe safi, ukipita kidogo mbele ya pale uzi unapoonekana kuishia. Ncha ndiyo inayokula. Ukiiacha hai utaikuta imesonga mbele miezi michache baadaye.

Unga mweupe, na chini yake vishimo

Hii ni ya rimu tupu. Alumini haishiki kutu nyekundu. Ikikutana na hewa hujivika oksidi yenye unene wa nanomita chache tu, na vazi hilo ndilo linaloilinda. Taabu huja chumvi na unyevu vinapokaa mahali pamoja kwa muda mrefu bila kuoshwa, hasa kwenye kona za spoki na nyuma ya rimu ambako mkono haufiki.

Anza na brashi ya nailoni na sabuni, halafu polishi. Sehemu nyingi zitarudi bila msasa. Pale ambapo hazirudi, pitisha ukucha. Usipokwama, namba 600 inatosha kuanzia. Ukikwama, anzia 320. Vikiwa vishimo vya kuzamisha ncha ya kalamu, kaa kwanza ufikirie. Kukifuta kishimo chenye kina cha nusu milimita kunataka ushushe uso wote unaokizunguka kwa nusu milimita. Ukikichimba peke yake utapata bonde dogo, na bonde kwenye uso unaong'aa huonekana kuliko kishimo chenyewe. Mimi viwili vitatu vya namna hiyo huviacha. Jicho huzoea kidoa, ila bonde linalopinda taswira ya kila kitu haliwezi kulizoea.

Inang'aa kwa mbali, ukisogea ina mikwaruzo

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, nami nimelipitia. Rimu yangu ya kwanza niliisugua kwa namba 400 vizuri sana, nikachoka, nikarukia 2000, kisha polishi. Kivulini ilikuwa nzuri ajabu. Jua lilipoipiga kesho yake, ilionekana kama imefutwa kwa gunzi.

Sababu yake ni hesabu. Chembe za msasa namba 400 zina upana wa takriban mikroni 35, na mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Za 2000 zina kama mikroni 10. Chembe ndogo kiasi hicho haiwezi kufika chini ya bonde lililochimbwa na kubwa, labda uisugue siku nzima. Kinachotokea ni kwamba inalainisha vilele na kuacha mabonde yalivyo. Polishi nayo ni laini zaidi, kwa hiyo mikwaruzo ya 400 haiifuti, inaing'arisha.

Basi pita namba kwa namba: 320 ikiwa kuna vishimo, kisha 400, 600, 800, 1000, 1500, 2000. Tumia msasa wa maji, ule mweusi au wa kijivu usioyeyuka, na maji yenye tone la sabuni. Kwa mkono, nusu saa kwa kila namba kwa uso mmoja wa rimu ni jambo la kawaida, na namba ya kwanza ndiyo inayokula muda mrefu zaidi. Anayeharakisha ya kwanza atalipa kwenye zote zinazofuata.

Sasa siri inayookoa siku nzima: kila namba isugue upande wake. 400 ukisugua kwa mlalo, 600 sugua kwa wima, 800 urudi mlalo. Ukimaliza 600 kwa wima na bado unaona mistari ya mlalo, umeshamjua mwenye kosa. Ni mikwaruzo ya 400 ambayo haijafutika. Endelea na 600 mpaka iishe. Usiipeleke mbele kwa matumaini kwamba 800 itaimaliza. Ukiwa huna uhakika, chora mistari ya kalamu ya maka juu ya sehemu yote kabla ya kuanza namba mpya. Wino ulioingia kwenye mikwaruzo yenye kina utabaki ukionekana mpaka mikwaruzo hiyo iondoke. Wino ukiisha, na yenyewe imekwisha.

Mikwaruzo isome kama mfuatiliaji anavyosoma nyayo. Ikiwa imenyooka na kukaa sambamba, ni ya msasa uliorukwa. Mkwaruzo mmoja mrefu uliojipinda kama ndoano, usio na wenzake, ni wa punje iliyonaswa chini ya karatasi: mchanga, au chembe ya msasa wa nyuma iliyobaki kwenye ndoo. Ndiyo maana maji hubadilishwa kila unapobadili namba, na rimu ikasuuzwa mpaka kwenye matundu ya nati. Viduara vyembamba vinavyoonekana chini ya taa tu vinatokana na pedi ya mashine. Hivyo havihitaji msasa tena, vinataka pedi safi na polishi laini zaidi.

Mawimbi je? Uso unang'aa lakini taswira inacheza kama ndani ya maji. Hapo umesugua kwa ncha za vidole. Vidole vinne ni mifereji minne. Funga msasa kwenye kipande cha mpira mgumu penye uso bapa, na kwenye mikunjo tumia sponji nene.

Mashine imeacha ukungu wa kijivu

Kabla ya ukungu, neno juu ya mashine yenyewe. Drili yenye pedi ya pamba hurahisisha kazi hii kuliko kifaa kingine ninachokijua, na ndiyo inayoumiza watu pia. Pedi ikigusa ukingo wa spoki kwa upande unaoielekea, inadaka na kurusha. Iguse daima kwa upande unaoondoka kwenye ukingo. Miwani ya kinga, barakoa ya vumbi, mikono isiyo na shati la kuning'inia. Usiikimbize kupita kasi iliyoandikwa kwenye pedi.

Na vumbi lake si la kuchezea. Vumbi kavu la alumini likipeperuka angani huweza kulipuka, na likichanganyika na kutu ya chuma ni mchanganyiko uleule unaotumika kuchomelea reli. Kwa hiyo usiing'arishe rimu kwenye grainda iliyokuwa inanoa vyuma jana. Cheche moja ndani ya kasha lake inatosha. Sugua kwa maji kila inapowezekana. Tope lake nalo usilifungie kwenye kopo lenye kifuniko kinachobana, kwa sababu vumbi la alumini ndani ya maji hutoa hidrojeni polepole.

Turudi kwenye ukungu. Mara nyingi chanzo chake ni polishi kupita kiasi. Mtu anaona haing'ai, anaongeza. Polishi inajaa kwenye pedi, pedi inakuwa ngumu na nyeusi, nayo inarudisha kwenye metali uchafu ilioutoa. Sugua pedi kwa brashi ngumu huku inazunguka mpaka iwe nyepesi tena, kisha tumia polishi kidogo kuliko unavyodhani inatosha.

Joto huleta ukungu pia. Ukibonyeza mahali pamoja, polishi huungua na kuacha mistari myeusi iliyoganda. Kipimo ni kiganja: kama huwezi kukituliza juu ya metali, umebonyeza mno, pumzika. Kosa la tatu ni pedi moja kutumika kwa polishi mbili. Polishi za mche, zile zinazofanana na kipande cha sabuni, zina ukali tofauti. Ya kukata hupendana na pedi ya mkonge, ya kumalizia na pamba laini. Ukiigusisha pamba ya kumalizia kwenye mche wa kukata, imeshaacha kuwa ya kumalizia. Rangi za miche hazitoshi kukuongoza, kwa sababu kila mtengenezaji ana mpango wake, soma kilichoandikwa. Na unapomalizia, geuza mwendo: kukata, sukuma drili kinyume na mzunguko wa pedi, kumaliza, ifuate pedi inakokwenda, kwa mkono mwepesi.

Weusi usiokoma hata baada ya vitambaa kumi una dawa ya jikoni. Nyunyiza unga wa ngano au wa mahindi uliosagwa laini juu ya rimu, kisha futa kwa kitambaa laini kikavu. Unga hunyonya mafuta ya polishi pamoja na masizi yake, na ukungu uliokuwa unahama kutoka upande huu kwenda ule unaondoka nao. Mara ya kwanza niliposikia nilicheka. Sicheki tena.

Kadiri unavyosugua, vitobo vinaongezeka

Ulianza na uso safi, sasa una vidoa kama matundu ya sindano, na kila namba ya msasa inaleta vingine. Hujaharibu kitu. Rimu nyingi ni za kusubu: alumini iliyoyeyushwa, yenye silikoni ya kama asilimia 7 ili itiririke vizuri, ikamiminwa kwenye kalibu. Alumini ya majimaji hubeba hidrojeni, na inapoganda gesi hiyo huacha viputo vidogo ndani. Ngozi ya juu imevificha, wewe umeikwangua.

Acha kusugua. Chini yake kuna vingine. Malizia pale ulipofika, au ukubali kuipaka rangi. Hii pia ndiyo sababu rimu ya kusubu, hata ukiitendea haki yote, hubaki na ukijivu fulani, wakati ile iliyofuliwa kwa mashinikizo makubwa hung'aa hadi ukajiona meno. Usiilinganishe yako na picha ya rimu ya lori iliyofuliwa, utajitesa bure.

Ilikuwa inang'aa, imeoshwa, imepauka

Alumini haivumilii asidi kali wala soda kali. Zote mbili huivua oksidi yake na kuichimba. Dawa ya kusafishia oveni, maji ya betri, na baadhi ya dawa kali za magurudumu huacha uso mweupe kama chokaa, wakati mwingine na michirizi iliyofuata njia ya tone. Polishi peke yake hutoa ule mpauko mwepesi. Ukiona uso umekuwa na ngozi ya chungwa, anza namba 800 au 1000 na upande mpaka 2000.

Hapa nina onyo moja la dhati. Dawa za magurudumu zenye asidi ya haidrofloriki, au amonia baifloridi inayotenda kama hiyo, hupenya ngozi bila kuuma mwanzoni na kushika kalisi ya mwili. Mtu hugundua baada ya saa kadhaa. Hakuna rimu inayostahili hatari hiyo. Kama doa ni la maji ya chumvichumvi tu, siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, kwa dakika moja kisha kusuuzwa vizuri, itafanya kazi.

Vidoa vya kahawia vinarudi kila baada ya mvua

Alumini haina kahawia hiyo, kwa hiyo ni chuma cha kigeni. Ama ni vumbi la breki, ambalo ni vipande vya diski na pedi vilivyoruka vikiwa vya moto na kujipachika, ama ni wewe mwenyewe uliyesugua kwa manyoya ya chuma au brashi ya waya. Nyuzi za chuma hukatikia kwenye metali laini na kuanza kushika kutu siku ya pili. Dawa ya kutoa chembe za chuma, ile inayogeuka zambarau ikizigusa, huzitoa zote mbili. Kisha yatupe hayo manyoya ya chuma.

Ukingo umechubuliwa

Mchubuko wa ukingo wa barabara huacha vidole vya metali vilivyoinuka. Vishushe kwanza kwa tupa laini, ukifuata mduara wa ukingo, halafu msasa 180 au 240, kisha ngazi ileile. Usihangaike kufuta mpaka chini ya mkwaruzo wenye kina. Ulainishe, uuzungushe, uache. Puti ya epoksi yenye unga wa alumini inafaa chini ya rangi. Chini ya polishi haifai, hata mtu mwenye kutazama kwa upande ataiona.

Kabla ya tupa, tafuta ufa. Safisha upande wa ndani, pita na taa pembeni, hasa mkabala na mchubuko na pale spoki zinapokutana na ukingo. Wino wa kupimia nyufa, unaopakwa, ukafutwa, kisha ukaitwa nje na unga mweupe, huonyesha usichokiona kwa macho. Ukipata ufa, kazi ya kung'arisha imekwisha na rimu hiyo haibebi watu tena. Usiichomelee nyumbani, wala usinyooshe pindo kwa moto wa gesi: ugumu wa alumini hii umepatikana kwa kuipasha kiwandani kwa kipimo, na moto usiopimwa unaulegeza bila kuacha alama.

Mng'ao umedumu wiki mbili

Rimu tupu haina kinga zaidi ya ile utakayoipaka. Baada ya polishi, futa mafuta yake yote kwa spiriti, kisha paka kinga ya sintetiki ya magurudumu. Nta ya kanauba ni nzuri kwa boneti, lakini huyeyuka kwenye nyuzi 82 hadi 86 za Selsiasi, na rimu iliyo karibu na breki zilizofanya kazi haiko mbali na hapo. Osha kwa sabuni ya kawaida ya gari. Sabuni kali za kuosha injini ni za soda, nazo huila kinga na mng'ao pamoja.

Wengi huuliza kwa nini wasipake vanishi wakamaliza. Unaweza, ila vanishi hushika kwenye uso wenye makwaruzo madogo, na wewe umetumia siku tatu kuyaondoa. Kiwandani hutanguliza dawa maalumu inayoifanya alumini ishikane na vanishi. Nyumbani mara nyingi hatua hiyo hurukwa, na vinyuzi vyeupe vinarudi. Tena vanishi ngumu za kuchanganya makopo mawili zina isosayaneti, mvuke unaoharibu mapafu hata kwa aliyevaa barakoa ya kitambaa. Mimi huziacha tupu na kuzipitia kwa polishi kila baada ya miezi miwili mitatu. Dakika kumi kwa kila rimu.

Imerudishwa, sasa usukani unatetemeka au upepo unapungua

Risasi ya balansi imedondoka wakati wa kubandua vanishi, au tairi imezunguka kidogo juu ya rimu ilipofungwa upya. Weka alama ya chaki kwenye tairi mkabala na valvu kabla ya kuitoa, na balansi ifanywe upya bila kubishana. Mtetemo ukibaki, toa rimu uangalie sehemu inayokutana na habu, kile kitovu cha gari ambapo gurudumu hufungwa: ukoko wa kutu au tone la rangi lililoganda hapo linatosha kuipindisha.

Upepo ukipungua taratibu, paka maji ya sabuni pale tairi inapokalia rimu. Povu likitoka, kuna unga mweupe umebaki kwenye kikalio. Kisafishwe kwa nailoni na msasa laini, bila kupunguza metali.

Uso wa habu na vikalio vya nati visipakwe kitu, si rangi, si vanishi, si nta. Tabaka hilo hubonyea gari likitembea, na nati iliyokuwa imekaza inabaki imelegea. Kaza kwa msalaba, gurudumu likigusa chini, kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Kwa magari madogo mengi ni kati ya Nm (nyutoni-mita) 90 na 120. Kisha baada ya kilomita 50 hadi 100, rimu ikiwa baridi, ichukue spana tena uzipitie zote.